Bati limetoboka mstari mmoja tu, mengine mazima kabisa. Wanakemia nisaidieni kabla sijagombana na fundi

#1 MzeeWaKibada

Wakuu, heshima kwenu.

Nina kesi. Nyumba yangu iko Kibada, Kigamboni, huu ni mwaka wa sita tangu niezeke. Mabati ya kawaida, meupe, ya migongo, geji 30. Nilinunua yote siku moja, duka moja, yakaja kwenye kirikuu kimoja. Wiki iliyopita imenyesha mvua ya maana na chumba cha nyuma kikaanza kuvuja. Nikapanda ngazi mwenyewe. Nilichokikuta juu ndicho kimenileta hapa.

Bati limeoza kwa mstari. Mstari wenyewe una upana wa kiganja, unaanzia chini ya ukuta wa chumba cha juu (mbele nimeweka kaghorofa, paa la nyuma liko chini yake) na kuteremka moja kwa moja mpaka kwenye mfereji. Ndani ya mstari ni kutu nyekundu na vitundu kama punje za mchele. Nje ya mstari, sentimita chache tu pembeni, bati linang'aa utadhani limetoka dukani jana.

Fundi aliyeezeka anasema nilinunua bati feki. Muuza duka anasema ni bahari. Jirani anasema ni kunguru. Mama watoto anasema fundi hajui kazi, na hana muda wa kusikiliza zaidi ya hapo.

Nilisoma kemia mpaka kidato cha nne, nikapata D ya huruma. Naomba mnisaidie.

#2 ChawaMstaafu

Natandika mkeka hapa. Hizi ndizo nyuzi ninazozitafuta, siyo za mipira.

#3 Pwani_Ndani_Ndani

Mkuu, hiyo ni bahari, usitafute mchawi. Hewa ya pwani ina chumvi, na chumvi na bati ni maadui tangu dunia iumbwe. Hapa Bagamoyo tunabadilisha mabati kama mashati.

#4 FundiPaa

#3 bahari haichagui mstari. Upepo wa chumvi ukipiga paa unapiga lote, na unaanza kula kwenye vichwa vya misumari na kwenye kingo zilizokatwa. Bati feki nalo vilevile: lingekuwa feki lingeoza kila mahali, au angalau bati zima, siyo kiganja kimoja katikati ya bati.

MzeeWaKibada, mstari huo unavuka bati moja kwenda jingine au umekaa ndani ya bati moja?

#5 MzeeWaKibada

Unavuka. Unaanzia bati la juu unaingia la chini yake. Tena pale yanapolaliana ndipo pabaya kuliko pote.

#6 FundiPaa

Basi ni maji. Kuna maji yanapita hapo kila siku na yana kitu ndani yake. Kunguru mtoe kabisa, kinyesi cha ndege kina asidi na kinachubua kweli, ila kunguru hanyi kwa rula.

#7 ChawaMstaafu

"Kunguru hanyi kwa rula." Uzi umeshanilipa nauli.

#8 BintiNgambo

Asalaam aleykum. Mimi siyo mwanakemia lakini umeme wa jua upo? Kwa mjomba wangu betri ziliwekwa kwenye kijichumba cha darini, moja ikapasuka, asidi ikateremka. Bati liliisha kwa wiki mbili, na siyo miaka sita.

#9 MzeeWaKibada

Waaleykum salaam dada. Sina sola. Juu ya ule ukuta kuna dirisha, kuna waya wa king'amuzi, na kuna kiyoyozi, lile boksi la nje. Basi.

#10 Mwl_Mstaafu

Shikamooni wakubwa, marahaba wadogo. Nimefundisha kemia miaka mingi, sasa nafuga kuku. Nilikuwa nasoma kimyakimya mpaka nilipoona neno kiyoyozi.

MzeeWaKibada, naomba upande tena uniangalizie vitu viwili. Kwanza: bomba za kiyoyozi zinazotoka ukutani kwenda kwenye boksi la nje zimevaa ile sponji nyeusi, au sponji imeoza? Pili: pale mstari unapoanzia, kuna rangi ya kijani au ya bluubluu, hata kidogo? Usikwangue. Angalia tu.

#11 MzeeWaKibada

Shikamoo mwalimu. Saa hizi giza. Kesho asubuhi.

#12 Kipanga_F3

Mwalimu, mimi niko kidato cha tatu na wiki ijayo tuna mtihani wa mpangilio wa metali. Unahusiana na hili? Sisi tumeambiwa tukariri tu.

#13 Mwl_Mstaafu

Kipanga, unahusiana mpaka kwenye mfupa. Ngoja niandike wakati mzee analala.

Metali hazifanani ukali. Ziko zinazoachia elektroni zake (vile vichembe vidogo vinavyobeba umeme) upesi na ziko zinazozing'ang'ania. Ukizipanga kuanzia inayoachia haraka kuliko zote unapata: potasiamu, sodiamu, kalsiamu, magnesiamu, aluminiamu, zinki, chuma, risasi, halafu hidrojeni (si metali lakini tunaiweka kama alama ya mpaka), kisha shaba, zebaki, fedha, dhahabu. Wanafunzi wangu walikuwa wanaikariri hivi: *Kaka Nataka Chai, Maandazi, Achari, Zabibu, Fundi Peleka Huku Chapati Haraka Asubuhi Asubuhi.* Linganisha herufi za mwanzo na alama za elementi: K, Na, Ca, Mg, Al, Zn, Fe, Pb, H, Cu, Hg, Ag, Au.

Walio juu ya hidrojeni wanaweza kuitoa kwenye asidi ya kawaida. Tia kipande cha zinki kwenye asidi ya haidrokloriki iliyozimuliwa, utaona mapovu: ni hidrojeni. Tia shaba humohumo, itakuangalia tu. Ndiyo maana dhahabu inachimbwa ikiwa dhahabu, wakati chuma hukikuti hivihivi ardhini; unakikuta kwenye mawe mekundu, kimeshikana na oksijeni, mpaka ukipigie moto na mkaa. Wahaya kule Kagera walikuwa wakifanya hivyo karne nyingi kabla ya shule yoyote, wakapata mpaka feleji, chuma kigumu chenye kaboni, tena wakipuliza hewa kwa mivuo. Ila sitaki kutoka nje ya mada.

Jambo la pili, na hili ndilo la bati: mwenye kuachia upesi akikutana na mwenye kung'ang'ania, mahali penye maji, anayeachia ndiye anayeliwa. Mwingine anabaki salama.

#14 Kipanga_F3

Hiyo chapati haraka asubuhi naondoka nayo.

#15 MamaLishe_Buguruni

Mwalimu samahani naingilia. Umetaja aluminiamu iko juu sana, juu hata ya zinki. Mbona sufuria zangu haziliwi? Napikia kila siku miaka nane.

#16 Mwl_Mstaafu

Swali zuri kuliko la paa, mama. Aluminiamu ni kali sana, na ukali wake ndio unaoikinga. Ukiikwaruza, palepale inashikana na oksijeni ya hewani na kujivika ngozi ya oksaidi, nyembamba huwezi kuiona, lakini ngumu na haipitishi kitu. Kutu ya chuma ni kinyume: inabanduka kama magamba, chini yake chuma kipya kinaachwa wazi, kinaliwa tena.

Ngozi hiyo ya sufuria ina maadui wawili. Asidi, kama limau, ukwaju, nyanya. Na upande wa pili alkali, kama magadi na majivu. Ndiyo maana ukichemsha maharage na magadi sufuria inageuka nyeusi ndani, na ukichemsha maji na maganda ya limau inang'aa. Wengi wanadhani limau limesafisha uchafu. Kwa kweli limeondoa ile ngozi nyeusi pamoja na metali kidogo.

Kupika mchuzi wa ukwaju nusu saa hakuna neno. Kuulaza humo mpaka kesho ndiyo siipendi. Hamishia kwenye bakuli. Na sufuria za kuyeyushwa mtaani kutokana na vyuma chakavu ziogope zaidi, maana hujui kilichoyeyushwa humo. Tafiti za nchi kadhaa za Afrika zimekuta risasi kwenye sufuria za aina hiyo.

#17 MamaLishe_Buguruni

Kumbe nilikuwa nakula sufuria. Asante mwalimu, kuanzia leo mchuzi unalala kwenye bakuli.

#18 BintiNgambo

Hapo pa sufuria nimekumbuka babu. Alikuwa na dele la kahawa la shaba, na kila baada ya muda lilipelekwa kwa fundi kutiwa bati ndani. Sisi watoto tulidhani ni kwa ajili ya kung'aa.

#19 Mwl_Mstaafu

Babu alijua, dada. Shaba ikikaa na kitu chenye asidi na hewa inatoa chumvi za kijani ambazo ni sumu. Bati linaizuia isiguse kahawa.

Na hapo pana fitina ya lugha. "Bati" lenyewe ni jina la metali, ile nyeupe laini inayopakwa kwenye makopo ya maziwa na samaki, alama yake Sn. Haya tunayoezekea si bati, ni karatasi za chuma zilizozamishwa kwenye zinki iliyoyeyuka, ya joto la nyuzi 450 hivi. Jina tu ndilo limehama. Tofauti yake ni kubwa: kopo lililopakwa bati likikwaruzwa, chuma ndicho kinaliwa haraka, kwa sababu chuma ni kikali kuliko bati. Karatasi iliyopakwa zinki ikikwaruzwa, zinki inajitoa iliwe badala ya chuma. Umeshaona bati la paa lenye mkwaruzo unaokaa miaka bila kutu? Ni zinki ya pembeni inayolipa deni.

#20 MzeeWaKibada

Wakuu, nimepanda alfajiri. Mwalimu, wewe ni mganga?

Sponji imeoza. Jua limeikausha, imebaki vipande viwili vinavyoning'inia. Bomba la shaba liko uchi kama mita moja na nusu, na pale chini lilipopinda limelala karibu kabisa na bati. Nilikuwa nimeacha kiyoyozi kinafanya kazi usiku kucha. Bomba lote lina jasho, linadondosha tone, tone, tone. Matone yanaangukia mahali mstari unapoanzia.

Na kijani kipo. Kwenye bomba kuna ukungu wa kijani, na juu ya bati pana doa la bluu kama la sabuni ya mche, la ukubwa wa shilingi mia.

#21 FundiBaridi_Temeke

Naam, hili sasa ni la kwangu. Lile bomba nene linarudisha gesi ya baridi kutoka ndani, ndiyo maana linavikwa sponji. Bila sponji mvuke wa hewa unageuka maji juu yake, na Dar hii yenye unyevu utapata ndoo kwa usiku. Tunawaambia wateja wabadilishe sponji ikichoka, wanasema "kinapuliza baridi, acha". Mimi nilikuwa najua hasara yake ni umeme. La kuoza paa silijui.

#22 Pwani_Ndani_Ndani

Ngoja kwanza. Tone la maji ya jasho ni maji safi, ni mvuke uliopoa. Na mzee kasema bomba liko *karibu* na bati, haligusi. Shaba ikae kwake na bati likae kwake, inakuwaje zigombane? Mwalimu unatupeleka kasi.

#23 Mwl_Mstaafu

Umeuliza panapostahili. Hapa ndipo wanafunzi wengi huachia.

Zingekuwa zimegusana na kulowa ingekuwa rahisi: umetengeneza betri. Zinki upande mmoja, shaba upande mwingine, maji ya chumvi katikati. Zinki iko kwenye volti −0.76, shaba +0.34, hivyo pengo lao ni zaidi ya volti moja. Ndiyo betri ya kwanza ya yule Mwitaliano Volta, mwaka 1800, zinki na shaba na kitambaa cha maji ya chumvi. Zinki inaliwa mpaka iishe.

Lakini bomba la mzee haligusi. Fuata tone basi. Linapotokea kwenye shaba ni safi kweli. Halafu linakaa juu ya bomba, linameza kaboni dayoksaidi na kuwa na uasidi kidogo, linaosha chumvi ya bahari iliyokaa pale, na oksijeni ipo. Shaba yenyewe haitoi hidrojeni kwenye asidi dhaifu kama hiyo, lakini hewa ikiwepo inajivika oksaidi na chumvi za kijani, na hizo zinayeyuka kidogo kidogo. Tone likidondoka limeshabeba shaba, siyo kipande, ni ioni, yaani chembe za shaba zilizopoteza elektroni na kuyeyuka majini. Kiasi kidogo mno, huwezi kukiona wala kukionja.

Likifika juu ya bati, ioni ya shaba inakutana na zinki. Zinki inaachia elektroni mbili, inaingia majini. Shaba inazipokea na kukaa pale kama metali. Kwa kifupi:

Zn + Cu²⁺ → Zn²⁺ + Cu

Sasa sikiliza vizuri. Ingekuwa kila chembe ya shaba inaiondoa chembe moja ya zinki, yakaisha hapo, mzee angekaa miaka hamsini bila kujua. Tatizo ni kwamba shaba iliyotua haiondoki. Imekaa juu ya bati kama kidoa ambacho jicho halikioni, na kidoa hicho sasa *kinagusa* zinki. Maji yakipita tena, pale pale pana betri ndogo. Zinki ya pembeni inaliwa ili kulisha kidoa. Tone linalofuata linaongeza vidoa vingine. Baada ya mwaka una maelfu ya vibetri vinavyofanya kazi kila kiyoyozi kikiwashwa. Zinki ikiisha vinahamia kwenye chuma, maana chuma nacho ni kikali kuliko shaba. Ndipo unapoona nyekundu, kisha tundu.

Na pale mabati yanapolaliana maji yananasa, hayakauki. Ndiyo maana mzee alisema ndipo pabaya kuliko pote.

#24 Pwani_Ndani_Ndani

Nimesalimu amri. Bahari ninaiomba msamaha.

#25 Mwl_Mstaafu

Usiiombe wote. Chumvi yake imesaidia.

#26 MutotoWaKolwezi

Jambo bandugu. Miye niko Kolwezi, Kongo, ku Katanga ya zamani. Shaba kwetu tunaita mukuba. Hii hesabu ya mwalimu tunaiona kila siku lakini kwa upande mwingine. Mawe ya kijani, malakite, yanamwagiwa asidi ya salfa. Yanatoa mapovu, shaba inaingia majini, maji yanakuwa ya bluu. Halafu shaba inatolewa kwa umeme, inajishika kwenye sahani.

Wazee wanasimulia ya zamani zaidi: ukitupa vyuma chakavu ndani ya maji ya bluu, kesho chuma kimekwisha, mukuba umebaki. Ni hiyo hiyo ya bati la mzee wetu.

#27 Mwl_Mstaafu

Karibu sana ndugu yetu. Hiyo ya vyuma chakavu migodi mingi duniani ilifanya hivyo kabla ya njia za sasa. Chuma kinaingia majini, shaba inatoka. Kwa mzee ni hasara, mgodini ni mshahara.

Na nyinyi mna historia ya misalaba ya shaba iliyotumika kama fedha kabla ya sarafu. Ilidumu kwa sababu ileile: shaba inang'ang'ania elektroni zake.

#28 Kipanga_F3

Mwalimu nyumbani tunaweza kujaribu? Maabara yetu ina makabati tu.

#29 Mwl_Mstaafu

Unaweza. Nenda duka la pembejeo, omba mrututu kidogo, yale mawe ya bluu wanayonyunyizia kahawa na nyanya. Ndiyo salfeti ya shaba. Koroga kijiko cha chai kwenye glasi ya maji ambayo hutainywea tena maisha yako yote. Tumbukiza msumari mweusi wa kawaida, siyo wa bati. Kwenye glasi nyingine tumbukiza kipande cha bati jipya.

Masharti: mrututu ni sumu, usishike kwa mkono mtupu kisha ule, usitumie chombo cha jikoni, na maji yake usimwage mtoni au kwenye bwawa la samaki, yataua.

Jaribio la pili ni la subira. Glasi tatu za maji ya chumvi, msumari mweusi mmoja kila glasi. Wa kwanza mtupu. Wa pili uviringishie waya wa shaba uliochunwa. Wa tatu ufunge kipande cha ganda la betri kuukuu ya tochi, zile za bei rahisi ambazo ganda lake ni zinki. Likwangue ling'ae, lioshe vizuri, na uvae glavu, maana uji wa ndani unaunguza ngozi. Kaa siku tano.

#30 MamaLishe_Buguruni

Wakati mnaongelea sumu, naomba niseme langu. Mwaka jana niliosha choo, nikamwaga jiki, naona doa haliondoki, nikaongeza dawa ya choo ile ya asidi. Harufu iliyotoka! Macho yalichoma, kifua kikabana, nikatoka nje kwa kutambaa. Mpaka leo sijui ilikuwa nini.

#31 Mwl_Mstaafu

Pole sana mama. Ilikuwa gesi ya klorini. Jiki ni haipokloriti, ikikutana na asidi yoyote, hata siki au limau, inaachia klorini. Gesi hiyo ilitumika kama silaha vitani mwaka 1915. Chagua moja tu, osha kwa maji mengi, choo kikauke, ndipo siku nyingine utumie nyingine. Na dirisha wazi.

Na asidi ya betri, wakati tuko hapo: ukizimua, asidi inaingia kwenye maji, taratibu. Kamwe maji yasiingie kwenye asidi. Inachemka ghafla na kuruka usoni.

#32 BintiNgambo

Mwalimu, na chokaa? Nyumba za mawe Unguja zimepakwa chokaa, na paa la bati limelala juu ya ukuta huohuo. Haigombani?

#33 Mwl_Mstaafu

Chokaa mbichi ni alkali kali. Mawe ya matumbawe ukiyachoma, joto kama nyuzi 900, yanatoa kaboni dayoksaidi, inabaki chokaa hai. Ukiimwagia maji inachemka, ndiyo ile wanayoilaza shimoni. Ukishaipaka ukutani inavuta kaboni dayoksaidi kutoka hewani na kurudi kuwa jiwe polepole. Kwa hiyo ukuta wa zamani umeshatulia, hauna neno. Chokaa au saruji mbichi yenye maji ndiyo inayochubua zinki, na aluminiamu zaidi. Yale mabati ya kisasa ya aluminiamu na zinki (karibu asilimia 55 ni aluminiamu) ukiyamwagia saruji mbichi yanapata madoa yasiyofutika. Waambieni mafundi wafute palepale.

#34 FundiPaa

Hapo nakiri. Nimeharibu paa la mtu Mbweni hivyo. Nilisema ni bati feki.

#35 ChawaMstaafu

😂😂 Kila paa Tanzania ni feki isipokuwa fundi.

#36 Kipanga_F3

Nimerudi, leo siku ya tano. Mrututu: msumari uligeuka wa rangi ya shaba ndani ya dakika chache, nikampelekea mama akadhani nimeununua. Kipande cha bati kiligeuka cheusi kama masizi, halafu hudhurungi, na maji yakapungua ubluu.

Glasi tatu: msumari mtupu una kutu. Wa waya wa shaba una kutu nyingi mno, maji yamekuwa kama chai ya rangi. Wa zinki ni mweusi uleule kama siku ya kwanza, hauna kutu, ila kwenye zinki pameota unga mweupe.

Mtihani ulikuwa juzi. Swali la nne lilikuwa "eleza kwa nini meli huwekewa vipande vya zinki". Niliandika kurasa mbili.

#37 Mwl_Mstaafu

Nitakuletea trei ya mayai.

#38 FundiBaridi_Temeke

Kwa mzee: sponji mpya, juu yake uzungushe utepe mweupe wa kukinga jua, bomba liinuliwe mbali na bati. Na ule mpira wa maji ya kiyoyozi nao usiumwage juu ya paa. Ndani ya mashine koili ni ya shaba vilevile. Ushushe kwa bomba la plastiki mpaka chini.

#39 FundiPaa

Mabati yaliyotoboka toa, usizibe kwa lami, chini yake vidoa bado vinakula. Yaliyopauka tu bila tundu sugua kwa brashi, osha, paka rangi yenye zinki.

#40 MzeeWaKibada

Wakuu, mrejesho. Fundi wa kiyoyozi kaja jana, bomba limevaa, maji yanashuka kwa plastiki hadi kwenye migomba. Nimekagua na upande wa jirani, yule wa kunguru: bomba lake nalo liko uchi, na mstari umeanza. Nimemwonesha. Kanyamaza muda mrefu halafu akauliza bei ya sponji.

Fundi wangu wa paa nimempigia, nikamwomba radhi. Kasema radhi haipandi ngazi, nilete mabati mawili Jumamosi saa 2 asubuhi, na supu iwe tayari.

#41 ChawaMstaafu

Supu ipikwe kwenye sufuria gani?